Mama ananikataza vidonge vya fangasi, na mume wangu anakaribia kurudi

BARUA

Bibi Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Ng'ambo, Unguja, na kazi yangu ni kupaka mabibi harusi hina na piko. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, ambaye sasa macho yamepungua nguvu na ameniachia wateja wake wote. Mume wangu anafanya kazi Muscat. Tuna mtoto mmoja aliyeanza skuli ya maandalizi mwaka huu.

Tangu mwaka jana ukucha wa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia umegeuka rangi ukawa wa manjano, umenenepa, na upande mmoja umeanza kuinuka kutoka kwenye nyama. Nikiukwangua unatoa unga mkavu. Baadaye ukafuatia ukucha wa kidole cha shahada. Vidole hivyo viwili ndivyo ninavyoshikia koni ya hina, na ndivyo bi harusi na mashangazi zake wanavyovitazama kwa saa nyingi tukiwa tumekaa mkekani uso kwa uso. Nimekuwa nikizipaka kucha zangu hina nzito ili rangi ya ugonjwa isionekane, na watu wananisifu kuwa napenda kujipamba.

Nilianza kwa kununua tyubu dukani bila ya cheti cha daktari. Muuzaji aliniambia ni dawa ya mchanganyiko na inatibu kila kitu. Muwasho wa ngozi iliyo pembeni ya ukucha ulipungua kwa siku chache, kisha ukarudi na kutanuka zaidi. Ndipo nilipokwenda kwa daktari. Alinitazama vidole, akasema ni fangasi, akaniandikia vidonge vya terbinafini, kimoja kwa siku kwa muda wa wiki sita, na akanitaka nipime ini kabla ya kuanza. Vidonge nimevinunua, lakini ini sijapima.

Mama alipoviona alinijia juu. Maneno yake yalikuwa haya: "Dawa inayoua kitu chenye uhai ndani ya mwili haichagui." Ana sababu yake. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, alifariki macho yakiwa manjano na tumbo limejaa, wakati mimi niko darasa la tatu, na alikuwa ametumia vidonge vya fangasi ya ngozi kwa miezi mingi. Nyumbani kwetu hakuna anayebisha kwamba vidonge vile ndivyo vilivyomla ini.

Mdogo wangu wa kiume, anayesoma sayansi, alikusudia kunisaidia lakini akanizidishia hofu. Alisema kuwa mwalimu wao amewafundisha kwamba fangasi wana undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Usiku ule sikulala. Ikiwa fangasi ni jamaa zetu, hiyo sumu itamjuaje yeye ikaniacha mimi?

Juu ya yote hayo, mume wangu anarudi mfunguo mosi, na tumekubaliana tutafute mtoto wa pili. Yeye hajui lolote kuhusu vidonge. Nimevificha chini ya sanduku la piko. Mfunguo mosi ndio msimu wangu mkubwa wa harusi, na sitaki kukosa kazi. Je, nivimeze kwa siri na kumkosea mama, au niviache na kuendelea kuficha kucha? Na je, mimi ninawaambukiza hawa mabibi harusi ambao siku yao ni ya furaha?

Mpaka hina,
Mjini Magharibi

JIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu. Unaulizia ukucha, lakini barua yako imebeba ini la marehemu, mimba ambayo bado haijaja, riziki yako na heshima ya mzazi, na vyote umevificha chini ya sanduku moja. Haishangazi kwamba usingizi umekupaa.

Niruhusu nianze na neno la mama yako, kwa sababu ni swali lililowashughulisha watengeneza dawa kwa miaka mingi. Bakteria wametofautiana nasi sana, na ndiyo maana dawa za kuwaua ni nyingi na nyingi kati yake hazitudhuru sana. Fangasi ni habari nyingine. Mwaka 1993 watafiti waliolinganisha protini na chembe za urithi za viumbe mbalimbali walionesha kwamba wanyama na fangasi wamechipuka katika tawi moja, baada ya mimea kwisha kushika njia yake. Seli ya fangasi ina kiini kama seli yako, hutengeneza protini kwa namna inayofanana na yako, na hupata nguvu kwa mitambo inayofanana na yako. Mdogo wako na mwalimu wake wamesema kweli. Undugu huo ndio uliofanya dawa za fangasi ziwe chache, na zilizopo zimebidi zitegemee tofauti ndogo ndogo zilizobaki kati yao na sisi.

Tofauti iliyotumika zaidi imo katika utando unaoizunguka seli. Utando huo ni wa mafuta, na unahitaji kitu cha kuushika usilegee. Seli zetu hutumia kolesteroli kwa kazi hiyo, na fangasi hutumia ergosteroli. Zifikirie dari mbili za nyumba za Mji Mkongwe, zote zimebebwa na boriti, ila moja boriti zake ni za mkoko na nyingine ni za mti mwingine: mpita njia akitazama juu haoni tofauti, lakini fundi anaijua. Terbinafini uliyoandikiwa haizivunji boriti zilizokwisha kuwekwa, bali inazuia nyingine zisitengenezwe. Ndani ya fangasi kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, kinachoichukua skwaleni, ambayo ni aina ya mafuta, na kuanza kuigeuza kuelekea ergosteroli. Dawa hii hukikamata kimeng'enya hicho. Fangasi hupata hasara mara mbili, kwani utando wake unakosa cha kuushika, na skwaleni isiyokuwa na pa kwenda inajirundika ndani mwake hadi kumdhuru.

Utaniuliza, na ni haki yako, kama sisi hatuna kimeng'enya hicho. Tunacho, maana mwili nao hupitia skwaleni unapotengeneza kolesteroli. Lakini umbo la kimeng'enya chetu limetofautiana na la fangasi kiasi kwamba kukizuia kunahitaji dawa nyingi zaidi kwa mara maelfu. Kwa hiyo kidonge hakina macho ya kumjua fangasi. Kinakwenda kwenye damu, kwenye ini, kwenye ngozi na kwenye kucha, na kwa kipimo anachopewa mgonjwa kinakishika kimeng'enya cha fangasi na kukipita chako. Mama yako aliposema haichagui alikuwa karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Kinachofaa kuulizwa ni wapi dawa inashika, na kwa nguvu gani.

Jibu la swali hilo halilingani kwa dawa zote, na hapa ndipo ninapotaka uwe mwangalifu na neno "vidonge vya fangasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Amfoterisini B, iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa Venezuela, inaishika ergosteroli yenyewe na kuutoboa utando. Ina nguvu sana, lakini kolesteroli yetu nayo haisalimiki kabisa, na figo huumia. Hutolewa hospitali kwa maradhi yanayoua, kwa mfano fangasi walioingia kwenye utando wa ubongo. Nistatini, ile dawa ya matone wanayopewa watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni, ni ya ukoo huo huo. Waliigundua wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mmoja akiwa mji wa New York na mwingine Albany, wakipelekeana sampuli kwa posta, wakaitangaza mwaka 1950 na kuipa jina la jimbo lao la New York. Ikiingia kwenye damu ina madhara, lakini ikimezwa utumbo karibu hauinyonyi kabisa, na kwa hiyo mtoto hana neno. Napenda sana kisa hicho, kwa kuwa kinaonesha kwamba usalama wa dawa hutegemea pia mahali inapofika, mbali na kile inachokiua. Zipo pia dawa mpya zaidi za sindano zinazozuia ujenzi wa ukuta wa seli ya fangasi, na sisi hatuna ukuta huo hata kidogo.

Sasa nije kwa mama yako mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sijui alipewa dawa gani, na pengine hata nyumbani kwenu hakuna anayelikumbuka jina lake. Miaka ile vidonge vya ketokonazoli vilitumika sana kwa fangasi ya ngozi. Dawa za kundi hilo hukamata kimeng'enya kingine katika njia ile ile ya ergosteroli, lakini kimeng'enya hicho ni cha ukoo ambao ini la binadamu limejaa wenzake, na ketokonazoli haikuwa makini katika kubagua. Ilileta madhara ya ini, na kwa baadhi ya watu yalikuwa makubwa, hata mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walishauri vidonge vyake visitumike tena kwa fangasi, na wa Marekani wakavibana sana. Yawezekana, basi, kwamba familia yako haikukosea. Yawezekana pia kwamba alikuwa na homa ya ini ya virusi vya aina ya B, ambayo katika nchi zetu inawapata wengi na huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila ya dalili. Yawezekana yote mawili yalikutana. Siwezi kukuondolea shaka hiyo, na sidhani kama unalazimika kuimaliza ndipo uamue jambo lako.

Kuhusu terbinafini yenyewe sitakuficha. Nayo huweza kudhuru ini, ingawa ni kwa nadra, na mwenye ugonjwa wa ini hashauriwi kuitumia. Wapo wanaopoteza ladha ya chakula kwa muda, na wapo wanaosumbuliwa na tumbo au kutokwa na vipele. Anayeitumia akiona mkojo umekuwa wa rangi nzito, macho yana umanjano, hamu ya kula imekatika au mwili unawasha bila ya sababu, anatakiwa aache na amwone daktari siku hiyo hiyo. Kipimo cha ini ulichoagizwa ndicho kinacholigusa hasa jambo analoliogopa mama, na ndicho ulichokiruka. Hilo nakuachia ulitafakari.

Kabla ya hapo, nina swali moja dogo. Siku uliyokwenda kwa daktari, kucha zako zilikuwa na hina? Umesema alitazama tu, hukutaja kuwa alikwangua. Karibu nusu ya kucha zilizonenepa na kugeuka rangi hazina fangasi hata kidogo. Kucha huharibika kwa kugongwa mara kwa mara, kwa soriasisi, yaani ugonjwa wa ngozi wa magamba, na kwa vidole kushinda majini. Kuna na piko pia: ina rangi za kemikali zinazoweza kuichoma ngozi ya mtu aliyekwisha kuwa na mzio nazo, na wewe unaishika miaka yote. Pia hata wakiwa ni fangasi, hawalingani. Wale wanaokula ukucha wenyewe humalizwa vizuri na terbinafini, ilhali fangasi wa jamii ya hamira, wanaopenda vidole vya watu wenye mikono mibichi kila saa, huisikia kwa unyonge, na daktari huweza kuchagua dawa nyingine. Kukwangua unga ule mkavu na kuutazama kwa darubini maabara ni kazi ndogo. Ingesikitisha kugombana na mama kwa sababu ya vidonge ambavyo pengine havikulengi ugonjwa wako. Ukienda kupima, kucha ziwe hazina hina mpya wala krimu, na uulize mapema ni siku ngapi uache kupaka.

Ile tyubu ya mchanganyiko nitaipita haraka. Nyingi ya aina hiyo zina steroidi, ambayo hutuliza muwasho kwa kuzuia kinga ya ngozi, na fangasi akapata nafasi ya kutanuka. Ndivyo ulivyoeleza mwenyewe.

Tuseme maabara imethibitisha ni fangasi wa kucha. Una njia zaidi ya moja, na kila moja ina gharama yake. Vidonge ndivyo vyenye matumaini makubwa, kwa sababu dawa hujikusanya ndani ya ukucha na kubaki humo wiki kadhaa baada ya kuacha kumeza. Lakini usitarajie kucha nzuri ifikapo mfunguo mosi. Ukucha wa mkononi hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima, bali husukumwa mbele hadi ikatwe, jambo linalochukua karibu nusu mwaka. Msimu huu wa harusi, basi, utapita kucha zikiwa katika hali hii au inayokaribia hii, umeze au usimeze. Nadhani habari hiyo, ingawa si tamu, inakupunguzia haraka.

Njia ya pili ni dawa ya kupaka juu ya ukucha mfano wa rangi ya kucha, ambayo karibu haiingii kwenye damu. Kwa ini haina hofu, lakini huchukua miezi mingi, na mara nyingi hushindwa kuliko vidonge, hasa ikiwa ugonjwa umefika kwenye shina la ukucha. Kwa mwanamke anayesali kuna jambo la ziada: baadhi ya dawa hizo hufanya tabaka lisilopitisha maji, na suala la udhu litaingia. Hilo ni la kumuuliza mwenye elimu ya fiqhi unayemwamini, ukimweleza kuwa ni dawa na si pambo.

Njia ya tatu ni kusubiri. Fangasi ya ukucha kwa mtu mwenye afya si ugonjwa wa kuua, na wapo wanaoishi nayo, japokuwa huweza kuhamia kucha nyingine na huwa haiondoki yenyewe. Mwenye kisukari anashauriwa asiipuuze. Wewe hukutaja kisukari.

Kusubiri kunatufikisha kwa mume wako. Terbinafini haijulikani kuwa inaharibu mimba, ila ushahidi kwa wajawazito ni mdogo, na kwa kuwa ukucha unaweza kungoja, kawaida mjamzito huambiwa angoje hadi ajifungue. Ukianza sasa, muulize daktari upitishe muda gani baada ya kidonge cha mwisho kabla ya kutafuta mtoto, maana dawa hii hutoka mwilini polepole. Ukiamua mtoto atangulie, tiba itasogea mpaka baada ya kunyonyesha, kwa kuwa dawa huingia kwenye maziwa, na hapo tunazungumzia miaka. Yote mawili yanawezekana. Ninachojiuliza ni kama uamuzi wa kupanga mtoto, ambao mmeufanya wawili, unaweza kubebwa na mmoja bila ya mwenzake kujua. Je, una uhakika kwamba atakasirika? Barua yako haikusema hivyo. Imesema tu kwamba hajui.

Kuhusu mabibi harusi, hatari ipo lakini ni ndogo, kwani fangasi wa kucha hupendelea kugusana kwa muda mrefu na vitu vya kutumia pamoja katika unyevunyevu. Glavu nyembamba, mkasi wa kucha usioazimwa, na taulo lako mwenyewe vitapunguza hata hicho kidogo. Wapakaji wengi wa piko huvaa glavu siku hizi, na hakuna shangazi atakayeuliza. Hina nzito juu ya ukucha mgonjwa nisingeipenda sana, kwa sababu inakuficha wewe mwenyewe usione kama hali inaendelea au inarudi nyuma.

Amebaki mama. Kumeza kwa siri kunaweza kufanikiwa kwa wiki zote sita bila ya yeye kujua. Kunaweza pia kukuta siku ambayo tumbo limekusumbua au chakula hakina ladha, na badala ya kumwambia mtu utanyamaza, wakati hapo ndipo unapohitaji mtu wa karibu wa kukutazama macho. Kumwambia nako kuna uzito wake, kwani anaweza kukataa kata kata, na huenda ukaona huwezi kumeza mbele ya hofu yake. Wewe unamjua kuliko mimi. Ningependa tu ujiulize kama anachokikataa ni dawa, au ni kuachwa tena pembeni wakati mtu wake anatibiwa bila ya yeye kuelezwa chochote. Pengine wakati wa mama mdogo hakuna aliyemwambia dawa ile inaitwaje, wala dalili zipi ziwarudishe hospitali. Wewe unaweza kumwambia yote mawili, na ukitaka, mkaenda pamoja siku ya kupima ini, yeye akiwa na nafasi ya kumuuliza daktari swali lile lile alilokuuliza wewe.

Ukishapata majibu ya maabara ya ukucha, niandikie yalivyosema, kwa sababu wafua nguo, wapishi wa biriani za harusini na wakulima wa mwani wameshaniletea malalamiko ya kucha yanayofanana na yako, na wengi wao nao wamekwisha kununua ile tyubu ya mchanganyiko.